Farasi Mia Tatu, Tairi za Mtumba

Tuseme ukweli mapema. Vijana wengi wa Nairobi wanaosema wana mpango wa kuliongezea gari nguvu hawana mpango. Wana orodha ya vitu vya kununua. Mpango una mahali pa kuanzia na sababu ya kuanzia hapo. Orodha ina kitu kilichong'aa jana TikTok. Mshahara ukiingia kinanunuliwa, mwezi unaofuata kinang'aa kingine. Na kila orodha niliyowahi kuonyeshwa, iwe ya Impreza, ya Golf GTI au ya Mark X, huanza na ekzosi.

Ekzosi iko nyuma ya gari, na mimi nasema ikae nyuma ya orodha pia. Mbele ziwe tairi. Halafu breki. Halafu afya ya injini jinsi ilivyo leo, halafu wewe mwenyewe unayeshika usukani. Nguvu ije mwisho, kama itakuja. Najua hii inasikika kama maneno ya mjomba anayeendesha Probox kwa 60 akiwa leni ya kulia. Vumilia tu.

Na usinichanganye na wale wengine. Kuna watu wakisikia "kurekebisha gari" wanakuja mbio na hesabu za ploti ya Kamulu: hiyo pesa si ungekuwa umelipa dipositi? Mtu anayechoma rent kwa multibeti kila wikendi hana uso wa kuniuliza kuhusu pesa yangu. Nina Impreza ya turbo, siiuzi, na sioni aibu kwamba mngurumo wake asubuhi, injini ikiwa baridi, hunifanya nitabasamu kabla ya chai. Gari ni chombo tu, sawa. Hata gitaa ni chombo. Sipingi mapenzi ya gari. Napinga utaratibu wetu, kwa sababu umekaa kichwa chini, na unaua.

Tuanzie chini basi, maana huko ndiko gari linakogusa dunia. Kila tairi hukanyaga lami kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja chako. Viganja vinne, basi. Kila ulichonunua, turbo, mapu ya kompyuta, klachi ya mashindano, lazima kipitie kwenye viganja hivyo vinne, la sivyo hakifiki barabarani. Sasa nenda kwenye mkutano wowote wa magari Jumapili, pale wasee wanafungua boneti na kusimama wakipigwa picha. Usiangalie boneti. Chuchumaa. Utaona gari lenye rimu za bei ya bodaboda limevalishwa tairi mbili za aina moja mbele na mbili za aina nyingine nyuma, zote ex-Japan kutoka Grogan, zinang'aa kwa sababu zimepakwa dawa nyeusi asubuhi hiyo. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa ile safu inayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne. 2315 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Huo ndio umri wake. Raba huzeeka hata kama ina meno. Inakauka, inakuwa ngumu kama soli ya kiatu cha shule, na siku ya mvua ya kwanza pale Waiyaki Way, oili ya miezi mitatu ikiwa imeinuka juu ya lami, hayo meno ni mapambo.

Kuna jamaa mmoja wa Impreza nyeupe niliyemsomea tarakimu zake. Akaniambia, "Lakini bado ziko na treadi, buda." Alikuwa ametoka tu kulipia gari lipandishwe hadi farasi 300.

Hebu tupige hesabu ya hao farasi 300, hesabu ya shule ya upili, ile ya fizikia uliyoiruka. Nishati ya gari linalokimbia huongezeka kwa mraba wa kasi. Ukitoka 100 kwenda 140 umeongeza kasi kwa asilimia 40, lakini nishati ambayo breki lazima ziimeze ili usimame imekaribia mara mbili. Kwa 140 unapita karibu mita 39 kila sekunde. Sekunde moja ni muda wa kushtuka na kupeleka mguu kwenye pedali. Kwa hiyo kabla breki hazijaanza kazi yoyote umeshapita urefu wa mabasi matatu yaliyopangwa mkia kwa kichwa. Mbele ya mabasi hayo matatu kuna mtu. Kila mwaka NTSA wakitoa hesabu zao, kundi kubwa la wanaokufa kwenye barabara zetu ni wanaotembea kwa miguu. Si sisi wenye magari. Ni yule anayevuka Thika Road chini ya daraja kwa sababu juu ya daraja kuna wezi, ametoka kazini saa nne usiku na hajui kama wewe una steji 2.

Kwa hiyo breki. Hapa sihitaji hata uniamini kwa mambo ya mashindano. Teremka tu kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu na abiria wanne ndani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango chenyewe kinakubali yachemke kwa 155. Breki zinazoteremka mlima zikiwa zimebanwa muda wote hufika huko bila shida, na mafuta yakichemka ndani ya paipu yanageuka mvuke, na mvuke unabinyika. Unakanyaga pedali inashuka hadi sakafuni kama sponji. Dawa ya jambo hili ni chupa moja ya mafuta mapya, pedi nzuri na saa moja ya fundi. Katika vitu vyote vya kurekebisha gari hakuna cha bei rahisi kuliko hicho. Lakini hakina mlio, na ukikiweka hakuna wa kukifanyia video.

Nilienda gereji moja, sitaitaja, nikaomba wanipangie kazi ya Impreza kuanzia mwanzo. Kijana wa mapokezi aliandika haraka kama anayejaza risiti ya duka: ekzosi ya inchi tatu toka kwenye turbo mpaka mwisho, filta kubwa ya hewa, pampu ya petroli, mapu. Nikamuuliza breki zinaingia wapi. Akaniuliza, "Kwani hazishiki?" Nikamwambia zinashika. "Sasa?" Bei ya ile ekzosi peke yake ingenunua tairi nne mpya, pedi, mafuta ya breki, na nauli ya kurudi nyumbani. Simlaumu sana kijana. Anauza kile wateja wanaulizia. Ila mwenye gereji anajua. Yeye ndiye anayepokea hizo gari zikirudi kwa bridauni, na anafaidika mara mbili: akikuwekea, na akikufungulia injini iliyokufa.

Na zinakufa kweli. Tukumbuke tunazungumzia magari ya umri gani. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane kuingia nchini, kwa hiyo zile Impreza za turbo za miaka ya 2000, gari la spoti ambalo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kulifikia, hazitakuja tena. Zilizopo ndizo hizo. Moja ikifungwa kwenye mti ni moja iliyopungua, na iliyobaki inapanda bei. Zina miaka ishirini. Zimepita kwa wenyewe wanne au watano na broka mmoja aliyerudisha kilomita nyuma. Mipira ya maji imekauka, radieta imejaa kutu, mkanda wa taiming unaofaa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hakuna anayejua ulibadilishwa lini. Injini za EJ pia zina sifa yake kwa mafundi: zikikosa oili kidogo tu zinakula beringi za konrodi, na ule mlio wa ko-ko-ko ukianza, anza kupiga simu kwa familia. Kabla ya kuongeza chochote, pima kompresheni ya kila silinda na uandike namba. Silinda moja ikiwa imelegea, mpango wako wote wa mwaka huu ni hiyo silinda. Pole.

Halafu kuna jambo ambalo video za Uingereza na Marekani haziwezi kukuambia, kwa sababu wenye video hawaishi hapa. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na turbo inavuta hewa hiyo pungufu na kutoa nguvu pungufu, haina namna nyingine. Chukua Toyota 86, gari la spoti la bei nafuu ambalo Toyota walilitoa mwaka 2012 wakitaka vijana walirekebishe wenyewe. Kiwandani lina farasi 200. Likifika Westlands limebaki na 165 hivi, na hakuna filta ya hewa itakayorudisha wale 35 waliobaki Mombasa. (Gari hilo Toyota walilivalisha tairi nyembamba za kawaida, aina ile ile iliyofungwa kwenye baadhi ya Prius, makusudi, ili liteleze kwa raha kwenye kasi ndogo. Mtu huniletea huo mfano kunipinga. Sawa, lakini zilikuwa mpya, zote nne za aina moja, na gari lilipangwa kuzunguka hizo tairi. Huo ndio mpango ninaosema.)

Turbo inasaidia, ndiyo maana Subaru ya turbo inaonekana mfalme huku juu. Lakini haisaidii bure. Ili kufikisha hewa ile ile ndani ya silinda, turbo ya Nairobi lazima izunguke kwa kasi kuliko ya Mombasa, na hewa iliyoshindiliwa zaidi hutoka na joto zaidi. Joto likizidi, mchanganyiko wa petroli na hewa hulipuka wenyewe ndani ya silinda wakati usiofaa, na pistoni inapigwa nyundo kutoka juu. Petroli ya oktani ya juu ndiyo hustahimili hilo. WRX za Japani zilitengenezewa petroli bora ya kwao, ambayo mara nyingi hufika oktani 98 hadi 100. Super unayotia pale Ngara haifiki hapo. Sasa anakuja jamaa na laputopu, ana mapu aliyoipakua, iliyoandikwa kwa gari la mtu mwingine, karibu na usawa wa bahari, kwa petroli ya nchi nyingine, na anakuuzia kama steji 2. Anaingiza dakika ishirini, mnaenda raundi moja Southern Bypass, gari linakusukuma kitini, unacheka, unalipa. Hajapima joto la hewa inayoingia. Hajapima kiasi cha petroli kwa hewa injini ikiwa imebanwa mpaka mwisho. Pistoni ndizo zinazopima, na majibu yake huja baada ya wiki sita.

Kama unadhani haya ni mambo ya watu waoga, angalia historia ya barabara zetu wenyewe. Mwaka 1974 Joginder Singh alishinda Safari Rally kwa Mitsubishi Lancer ya injini ya cc 1600, na nyuma yake alikuwa Björn Waldegård kwenye Porsche 911. Mwaka 1993 Subaru walileta Safari vigari vya Vivio, cc 660, injini ndogo kuliko ya pikipiki kubwa. Kimoja kiliendeshwa na Colin McRae, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Chake hakikufika mwisho. Cha Patrick Njiru, kijana wetu, kilifika, cha 12 kwa jumla na cha kwanza katika kundi lake. Cc 660! Kwenye matope na mawe, kilomita kwa maelfu. Sasa wewe una mara tatu ya injini hiyo na unaniambia gari "haina nguvu" ya kukutoa Ruaka mpaka tao.

Nimeacha kelele kwa makusudi, maana hapo ndipo nakasirika. Ile milio ya pa-pa-pa ukiachilia mafuta, wanayouza kama nyongeza ya mapu, haiongezi nguvu hata ya punda. Kompyuta inaambiwa iendelee kumwaga petroli hata mguu ukiwa juu, na icheleweshe cheche, ili petroli ilipukie kwenye ekzosi badala ya ndani ya silinda. Yaani unanunua petroli kwa bei hii ya sasa ili ilipuke nje. Unachoma vali, unachoma turbo, na kile kichujio cha ekzosi kinayeyuka kama bado kipo. Sawa, ni mali yako. Lakini mlio wenyewe si wako peke yako. Unaujua unafanana na nini. Kila mtu mji huu anajua unafanana na nini. Tangu Juni 25, 2024, kuna watu wa rika letu ambao mlio mkavu saa saba usiku huwarusha kutoka kitandani, na kuna mama zao ambao huhesabu watoto kabla ya kulala tena. Baadhi yenu mlikuwa huko na bendera na chupa za maji, mkakimbia risasi za kweli. Halafu Ijumaa unapita katikati ya Umoja ukipiga za bandia, na mbogi inarekodi.

Na kwa sababu ya huo mlio, sote tunawekwa kapu moja. Karao akisimamisha gari hapimi kitu. Anasikia ekzosi, anaona stika, anaona taa za bluu, tayari una kesi ama una mazungumzo. Tairi ya 2015 inapita mbele yake kwenye gari lisilo na stika na hainui hata kidole. Nimewahi kusimamishwa kwa sababu gari "linakaa la vijana". Hayo ndiyo maneno aliyotumia. Sheria inayopima kwa sikio inamfundisha kijana kuficha kelele, haimfundishi kununua breki. Tungekuwa na ukaguzi wa kweli, unaoangalia pedi, tairi, bushi na shoki, mimi ningekuwa wa kwanza kwenye foleni na stika zangu zote. Na tungeona magari mangapi ya waheshimiwa yangepita.

Kuhusu dereva nitasema machache, kwa sababu hakuna anayependa kuambiwa hajui kuendesha. Leseni uliipata kwa kusukuma gari dogo za plastiki kwenye ubao wa modeli tauni na kupanda kilima kimoja. Haikukufundisha gari likianza kupoteza mkia ufanye nini. Nenda GP Karting pale Lang'ata, lipia raundi chache, utapitwa na mtoto wa miaka kumi na mbili na utajua tatizo halikuwa farasi. Kuna mashindano ya kupima muda kama KiambuRing, barabara ikiwa imefungwa na ambulensi ikiwa imesimama. Hata ukienda kutazama tu utaona kitu: gari linaloshinda kona mara nyingi si linalopiga kelele zaidi mbele ya kamera. Ni lile lililo kimya mpaka lifike breki, likageuka, likaondoka.

Basi, nguvu itakuja lini? Tairi zikiwa mpya na za aina moja. Breki zikiwa zimezoea mlima. Shoki na bushi zikiwa hazilii, alaimenti imepigwa, maji hayapungui, oili unaikagua kila unapotia petroli kwa sababu hiyo injini ndivyo ilivyo. Kompresheni imeandikwa kwenye karatasi. Kwa mshahara wetu hiyo ni kama mwaka, labda miwili, na katika mwaka huo gari litakuwa limekuwa la kasi zaidi bila kuongezwa farasi yeyote, jaribu uone. Hapo sasa tafuta mtu wa mapu. Ipimwe kwenye daino, Nairobi, kwa petroli unayoitumia kila siku, na upewe karatasi mbili: ya kabla na ya baada. Gereji ikikuambia ya kabla haina haja, chukua funguo zako uondoke. Na kama walikuwa wameshaitoa ekzosi ya zamani, ibebe yote, pamoja na kile kichujio. Ndani yake kuna platinamu, na wao wanajua bei yake.